Posa Iliyochekwa

"Ndugu Mwandishi."

Flaviana alilisoma neno hilo kwenye simu yake akadhani limekosea njia. Akalisoma tena. Ndugu Mwandishi! Gervas, aliyemwita mke wangu mbele ya kila mtu tangu siku ya kwanza walipofahamiana, leo anamwandikia kama anamwandikia afisa wa ardhi. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Pokea maoni ya sura ya mwisho. Mwanamume hasemi. Naomba iandikwe upya kabla ya Ijumaa jioni. Wako katika kazi, G. Gama, Mhariri."

"Katika kazi!" Flaviana akafoka peke yake nyuma ya mashine ya fotokopi. "Mshenzi mkubwa!"

Mteja aliyekuwa amesimama na cheti chake mkononi akarudi nyuma hatua moja. "Mie tena, sista?"

"Sio wewe, kaka'angu. Nisamehe. Unataka kopi ngapi?"

Sasa usimwone ana kichaa, mwanamke wa watu. Flaviana Kikoti alikuwa anafanya kazi kwenye steshenari moja pale Tabata, kazi yake kuchapa barua za watu na kutoa kopi. Lakini pembeni ya kazi hiyo alikuwa akitunga hadithi za mapenzi na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp, kipande kwa kipande. Wanawake wa Mbagala mpaka Kawe walizisubiri. Akichelewa kidogo walimtukana kama amewachukulia waume. Siku moja akajipa moyo, akaipeleka hadithi yake nzima kwenye kampuni ya vitabu huko Buguruni, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Aliyeipokea ndiye Gervas.

"Una kitabu hapa," Gervas alimwambia baada ya kuisoma. "Ila kimejificha. Tukifukue?"

Wakakifukua mwaka mzima. Gervas alimfundisha kusoma kazi yake kwa sauti, ili ulimi ukwame pale jicho lilipopita bila kuona. Alimfundisha kutowaliza wahusika kila ukurasa, ili chozi libaki la msomaji. Sentensi alizozipenda kuliko zote ndizo alizozikata kwanza. Flaviana alikuwa akirudi nyumbani amevimba kwa hasira, halafu asubuhi akisoma tena anakuta yule bwana amesema kweli. Hakuna kinachoudhi duniani kama mtu anayekukosoa halafu yuko sahihi.

Na kulikuwa na utani. Gervas ni Mngoni wa Songea, Flaviana ni wa Iringa, Mhehe wa baba na mama. Babu zao walipigana vita mpaka wakachoka, wajukuu wakarithi maneno ya mzaha. Mtani ana ruhusa ya kukutania mbele za watu, kukuvua saa, kumwita binti yako mke wake, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Basi Gervas akawa anasema, "Mke wangu wa Iringa, kurasa zimefika?" Naye Flaviana anamjibu, "Zimefika, na babu yako bado anamkimbia babu yangu." Wanacheka. Bi Jovina, mwenye kampuni, naye anacheka chumba cha pili.

Wakacheka hivyo mpaka siku moja Flaviana akagundua kwamba lile neno mke wangu linamgusa mahali ambapo utani haufiki. Lakini amuulize vipi? Umuulize mtani kama anasema kweli, akuangushie kicheko, utaificha wapi sura yako? Akameza. Mzaha mzaha, walisema wahenga, hutumbuka usaha.

Halafu yeye na mama yake wakaenda Iringa kwenye harusi ya binamu. Waliporudi, Gervas alikuwa amebadilika. Hana mke wangu, hana babu, hana kicheko. Ndugu Mwandishi tu. Na Bi Jovina naye akapiga simu, sauti kavu.

"Flaviana, mwaka huu nina nafasi ya riwaya moja tu ya mapenzi. Ijumaa jioni napeleka kazi kiwandani. Sura ya mwisho ikija ilivyo, nachapa ya mtu mwingine. Usije ukasema sikukwambia."

Kwa hiyo ujue kilichokuwa kinamkaba. Kitabu chote kimekamilika, imebaki sura moja, sura ambamo Fredrick, mwanamume wa kwenye kitabu, anamwambia Anna kwamba anampenda. Sura hiyo imegoma. Na aliyekuwa akimsaidia sura zikigoma, amegoma pia.

Jioni ile alimkuta baba yake, Mzee Adelard, mstaafu wa reli, amekaa barazani na kofia yake mpya kichwani. Mpya kwake, maana aliipata wakati wao wako Iringa. Lilikuwa pama la kahawia lenye unyoya wa kanga ubavuni, na tangu alipate alikuwa halivui ila kanisani na kitandani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna? Mngoni gani kakuudhi? Niambie nikamvue na yeye." Akaipigapiga kofia. "Unaiona? Nyara za vita hii. Kaja mwenyewe mpaka hapa, mzee mzima, anaropoka, nikamvua."

"Tumeshasikia, baba. Kila siku tunasikia."

Mama yake, Mama Yuliana, alikuwa anapeta mchele ukumbini, mlango wazi. "Hajanuna, anatunga," akasema. "Kutunga gani kunakomkondesha mtu? Wenzako wote uliosoma nao wana watoto. Wewe una wahusika."

"Mama, Ijumaa ndio mwisho. Nikishindwa, ndio basi tena."

"Ukishindwa, Jumapili tunakwenda wote kwa Mama Loveness. Mwanawe amerudi kutoka Mbeya, yuko benki."

"Mama!"

"Sijasema umpende. Nimesema umwone. Kuona nako dhambi?"

Flaviana akaingia chumbani na kurasa zake. Akamwandika Fredrick anamwita Anna nyota ya alfajiri. Akafuta. Akamwandika anapiga magoti. Akafuta. Akamwandika anatania kidogo, Anna anacheka, wanakumbatiana. Hapo akatupa kalamu, maana alijua Gervas angeandika nini pembeni, kwa ile kalamu yake nyekundu. Kote kwenye kurasa zile neno lilikuwa moja: Aseme. Anazunguka, aseme. Mzaha wa nini hapa? Aseme.

"Aseme, aseme," Flaviana akalalamika. "Kwani kuna mtu aliyewahi kuniambia mie, nikajua linavyosemwa?"

Na hapo ndipo alipojua kwamba kesho yake atakwenda Buguruni, kitabu au si kitabu.

Alhamisi mchana akapanda ngazi za duka la magodoro, mdomo umejaa maneno. Gervas alikuwa peke yake mezani, mikono ya shati ameikunja, miwani imemshuka puani. Alipoinua macho akamwona, uso wake ulichangamka, kisha ukajifunga haraka. Flaviana akauona ule uchangamfu, na ndio uliomtia hasira zaidi.

"Karibu, Ndugu Mwan—"

"Malizia! Malizia uone!"

Gervas akasimama. "Sura umeileta?"

"Sikuleta sura. Nimeleta mie mwenyewe. Niambie nimekukosea nini."

"Hujanikosea. Kazi ni kazi."

"Gervas, nitazame. Umenikata kurasa nzima nzima, nikanyamaza. Umeniambia Fredrick anaongea kama tangazo la sabuni, nikanyamaza. Hili la Ndugu Mwandishi sinyamazi. Kama kitabu changu kimekuchosha, sema. Kama ni kibaya, sema."

"Kitabu chako ni kizuri mpaka sijui nikifanyeje."

"Basi?"

Gervas akavua miwani, akaifuta na pindo la shati, akaiweka mezani bila kuivaa tena. "Basi mie nami binadamu, Flaviana. Mtu akishakataliwa kwenu, ulitaka aendelee kukuita mke? Nina macho makavu kiasi hicho?"

"Nani kakataliwa?"

"Usinifanyie hivyo."

"Nakuuliza, nani kakataliwa, kwetu wapi?"

"Mie! Kwenu Tabata! Mlipokuwa Iringa nilimtuma baba mdogo, Mzee Erasmus, alete posa. Nilitaka wazee wamalizane kwanza, ukirudi nikwambie mwenyewe kwa heshima. Sasa nitakwambia nini?"

Flaviana akatafuta kiti. Kilikuwa na rundo la vitabu, akakalia juu ya vitabu hivyo hivyo.

"Posa," akasema.

"Posa."

"Ya nani?"

"Ya ng'ombe wenu! Ya kwako, Flaviana, unadhani ya nani?"

Flaviana alitaka kucheka, alitaka kulia, na vyote vikakataa kutoka. "Baba alijibu nini?"

"Unataka nirudie? Haya. Alisema tulete tembo mwenye meno mawili, na ngao ambayo babu zetu waliitupa wakikimbia, ndipo tukuchukue. Baba mdogo akarudi Temeke akaniambia, 'Mwanangu, wamekataa, ila wamekataa kistaarabu. Yule mzee hakutaka kukutukana, kaamua kunichekesha.' Mtani akikukatalia kwa utani utafanya nini? Huruhusiwi hata kununa." Sauti ikamshuka. "Tena mzee wa watu alirudi kichwa wazi. Kavuliwa mpaka kofia."

"Kofia gani?"

"Pama lake. Analipenda kuliko sisi wote. Lina unyoya—"

"Wa kanga," Flaviana akasema.

Gervas akamtazama.

"Nyara za vita," Flaviana akasema tena, polepole. "Yesu na Maria. Nyara za vita!" Hapo kicheko kikamtoka chote, cha machozi, mpaka akashika meza. "Baba hajakataa, Gervas! Baba hajui kabisa kama aliletewa posa! Anajua alikuja Mngoni kumtania, akamshinda! Kila jioni anatusimulia!"

"Haiwezekani. Baba mdogo alitaja majina yetu."

"Mlileta barua?"

"Baba mdogo hataki barua. Anasema posa ni mdomo, barua ni za ofisini."

"Alianzaje? Niambie alivyoanza."

Gervas akakuna kichwa. "Alianza... unamjua mtani akiingia kwa watani, lazima atupe neno. Alisema amekuja kuchukua ng'ombe wetu mliowaficha tangu enzi za mababu."

"Halafu?"

"Halafu akasema, 'Na binti yenu Flaviana tutaondoka naye, kijana wetu Gervas anamtaka.'"

"Kwa pumzi moja?"

"Kwa pumzi moja."

"Ng'ombe na mie, kwa pumzi moja! Sasa Mhehe gani ataamini hapo? Kila mtani akiingia pale anaposa! Hata fundi bomba aliniposa, naye Mngoni!"

Gervas naye akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa kifua kizima. Ulikuwa uzito wa wiki nzima unamtoka. Akasogea, akamshika mkono. Ndipo Flaviana akaacha kucheka. Akautoa mkono wake.

"Ngoja kwanza. Halafu wewe."

"Mie nini tena?"

Flaviana akachomoa kurasa zake kwenye mkoba, akazitupa mezani. "Hii kalamu nyekundu ya nani?"

"Yangu."

"Imeandika nini hapa? Na hapa? Na hapa?"

"Aseme," Gervas akasoma. "Aseme. Aseme."

"Kwenye sura ambamo nilimfanya Fredrick amtume dada yake akamwambie Anna kwa niaba yake, uliandika nini? Soma kwa sauti. Si ndio ulinifundisha kusoma kwa sauti?"

Gervas akavaa miwani. Masikio yalikuwa yameanza kumwiva. "'Mwanamume anayemtuma mtu kusema neno hili bado hajaliamini. Aje mwenyewe.'"

"Nani kaandika?"

"Mie. Lakini, Flaviana, mila ni mila. Kwa wazee anakwenda mshenga, siwezi kujipeleka."

"Sikatai. Mshenga anakwenda kwa baba. Kwangu anakuja nani?"

Mwaka mzima Gervas alikuwa na majibu ya kila ukurasa, na leo amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Flaviana akamhurumia, lakini hakumsaidia. Mwanamke akishafika hapo asirudi nyuma.

"Haya," Gervas akasema. Akajikohoza. "Flaviana, tangu siku ile ulipopanda ngazi zile, nuru—"

"Futa."

"Nimeanza tu!"

"Nuru imo kwenye kila kitabu. Ulinikataza mwenyewe. Anza tena."

"Moyo wangu—"

"Futa. Moyo umechoka huo, kila mtu anautumia."

"We mwanamke, jamani!"

"Ulinikata kurasa mie, nami nakukata mistari miwili unalia? Aseme!"

Gervas akacheka, lakini kicheko kikamwishia njiani. Akakaa kwenye ukingo wa meza, macho yao yakawa sawa. Alipoanza tena hakuwa na sauti ya mhariri.

"Ukichelewa kuleta kurasa, huwa nasimama dirishani hapo, nawaambia watu nachungulia mvua. Nikisoma kitu kizuri, wa kwanza ninayetaka kumsomea ni wewe. Nilikuita mke wangu mwaka mzima kwa utani kwa sababu nilikuwa naogopa kukuita kwa kweli, ukanicheka. Baba mdogo aliporudi na yale maneno, nilifunga mlango wa chumba changu nikalia, Flaviana, mtu mzima. Nakupenda. Nataka kukuoa. Sitanii."

Chini, muuza magodoro alikuwa anagombana na mteja kuhusu unene wa sponji. Flaviana aliyasikia yote hayo kwa mbali. Alilokuwa akilitafuta chumbani kwake, akalifutafuta, akalitupia kalamu, kumbe ni jepesi hivi.

"Hiyo usiiguse," akasema, na machozi yakamtoka bila ruhusa. "Hiyo iache ilivyo."

"Na wewe useme basi."

"Mie?"

"Wewe. Au kalamu nyekundu ni ya wanaume tu?"

"Nakupenda, mtani. Nakupenda tangu siku uliponikatia ile sura ya mvua. Nilikosa usingizi, nikadhani ni hasira. Haikuwa hasira."

Gervas akamshika uso kwa mikono miwili, paji kwa paji. Wakakaa hivyo mpaka sauti ya Bi Jovina ikapenya ukuta wa mbao kutoka chumba cha pili:

"Na nyie mkimaliza kuhariri huko, Ijumaa ni kesho!"

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika Tabata. Mzee Adelard alikuwa pale pale barazani, na pama pale pale kichwani.

"Shikamoo, baba," Gervas akasema, akiwa amesimama mbali kidogo.

"Marahaba, kijana. Nani mwenzetu?"

"Naitwa Gervas Gama, baba. Kwetu Songea."

Uso wa mzee ukang'aa kama wa mtoto aliyeona pipi. "Mngoni! Yuliana! Funga banda la kuku, Mngoni kaingia! Karibu, mateka, karibu. Hiyo miwani umeiba wapi? Hebu lete." Na mkono ukaenda usoni kwa Gervas.

Gervas hakukwepa. Hakucheka pia. Alisimama na jasho jembamba juu ya mdomo, maana kumnunia mtani ni utovu wa adabu, na kumchekea ilikuwa ni kupotea mara ya pili.

"Baba, hapana," Flaviana akasema. "Leo hakuna utani."

Mkono wa mzee ukaishia hewani. "Hakuna utani? Na Mngoni? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Baba, yule mzee wa kofia. Hakuja kukutania. Alikuja kuniposa. Kweli."

"Kweli?"

"Kweli kweli. Na anayeniposa ndiye huyu."

Mzee Adelard akamtazama binti yake, akamtazama Gervas. Kisha mkono wake ukapanda taratibu mpaka kwenye pama, ukatulia pale, kama mtu aliyekumbuka kwamba amekalia mali ya watu.

"Nilimwambia alete tembo," akasema kwa sauti ndogo.

Mama Yuliana alikuwa ameshatoka, ungo mkononi, mchele unamwagika. "Adelard! Mie nazunguka kwa Mama Loveness natafuta mume wa mtoto, roho juu, kumbe mume alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, wewe ukamvua kofia?"

"Alitaja ng'ombe, Yuliana! Mtu akitaja ng'ombe nijue nini?"

"Ujue kusikiliza!" Akamgeukia Gervas, akamkagua kuanzia viatu. "Na wewe. Ndiye unayemkondesha na hivyo vitabu?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ukimwoa utamwachisha hiyo kazi?"

Flaviana akamtazama Gervas. Hilo ndilo swali lililokuwa limebaki. Ilikuwa rahisi Gervas amfurahishe mama, aseme tutaona, aseme Mungu akipenda.

"Hapana, mama," Gervas akasema. "Sitamwachisha. Mie ndiye nitakayemwambia arudie."

Mama Yuliana akainama akaanza kuokota mchele. Baada ya kidogo, bila kuinua kichwa, akauliza, "Unakula ugali wa dona, Mngoni?"

"Nakula, mama."

"Basi kaa."

Mzee Adelard akavua lile pama. Nywele zake zilikuwa zimelala, zimechora duara kichwani. Akalifuta vumbi, akaunyoosha unyoya wa kanga kwa kidole, akaliweka mikononi mwa Gervas.

"Mpelekee mwenyewe. Mwambie aje Jumapili, baada ya misa. Lakini sikiliza vizuri, kijana, mie mzee na utani ninao kwenye damu, nisije nikakosea tena. Akija amelivaa, nitajua kaja kwa utani, nami namvua pale pale. Akija amelishika mkononi, nitajua kaja kwa posa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Ijumaa asubuhi Flaviana alifungua steshenari mapema kabla ya wateja. Akaketi nyuma ya mashine ya fotokopi, akamwandika Fredrick anaingia kwa Anna. Hana ua, hana zawadi, hapigi magoti. Anaanza vibaya, Anna anamkatiza. Anaanza tena vibaya. Halafu anasema. Alipomaliza, akaisoma yote kwa sauti, na ulimi haukukwama popote. Mteja mmoja aliyekuja kutoa kopi akasimama kusikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Halafu yule dada kakubali?"

Bi Jovina aliisoma amesimama. Alipofika katikati akavuta kiti, akakaa. Alipomaliza, alikaa kidogo na kurasa mapajani.

"Nani kakufundisha hii?"

"Mhariri wako."

"Muongo. Gervas mwenyewe hawezi haya."

"Sasa anaweza, Bi Jovina."

Bi Jovina akamwangalia juu ya miwani, akakumbuka aliyoyasikia jana kupitia ukuta, akatabasamu. Akazifunga kurasa ndani ya bahasha kubwa, akaandika jina la Flaviana Kikoti juu yake kwa herufi nene. "Naipeleka kiwandani mwenyewe. Nenda kalale, mwandishi."

Mwandishi. Safari hii neno lile halikumuuma hata kidogo.

Jumapili ikafika. Misa ilikuwa imekwisha, pilau ilikuwa imefunikwa, na Flaviana amefungiwa chumbani, maana siku ya posa binti hatoki. Mzee Adelard alikuwa barazani na koti lake la sherehe, kichwa wazi, anatembea huku na huku. Mama Yuliana amesimama kwenye dirisha la ukumbini, nyuma ya pazia.

Nje geti likagongwa. "Hodi, wenyewe!" Ilikuwa sauti ya mzee, na baada yake kikohozi. Hakutaja ng'ombe. Akatoa salamu ya Kihehe, kwa lafudhi mbovu ya Kingoni, neno moja tu. "Kamwene."

Flaviana akafungua mlango wa chumba, ufa mdogo.

"Mama," akanong'ona. "Kofia iko wapi?"

Mama yake akalisogeza pazia kidogo, akachungulia.

"Mama, nakuuliza. Kofia iko wapi?"

"Mkononi," Mama Yuliana akasema. "Mkononi, mwanangu. Kaishika kwa mikono yote miwili."